Kidole cha Sita

Mwanangu alizaliwa na vidole sita mguuni. Siku ya tatu mama mkwe akanifukuza: "Kwetu hakuna kidole hicho. Kamtafute baba yake."

Nikajifunza kushona viatu. Miaka tisa baadaye miguu ya mama mkwe ilivimba, viatu vya dukani vikamkataa, ikabidi aje kwangu. Alitaka nimpime akiwa na soksi, zile ambazo sikuwahi kumwona hajazivaa.

"Hapa soksi zinavuliwa, mama."

Nikauchora mguu wake kwenye karatasi, kama wa kila mteja. Vidole sita. Nyani haoni kundule. Urithi ulijificha kwa mwanawe, ukachomoza kwa mjukuu.

Viatu nilimshonea vizuri. Mchoro nikaubandika mlangoni, kando ya ule wa mguu wa mwanangu, nikaandika juu yake: Bibi na mjukuu.