Mapenzi Niliyomzushia Shangazi Robai

Molo niliinusa kabla ya kuiona: udongo uliolowa, moshi wa kuni mbichi, magunia yaliyolala nje kwenye umande. Nilikuwa nimetoka Mumias siku iliyotangulia, juu ya lori la mahindi lililoharibika Timboroa na kutungojesha spea mpaka baridi ikanitia ganzi masikioni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shangazi Robai, dada wa baba, mjane asiye na mtoto, alikuwa amejitolea kunisomesha. Alinivisha sweta lake mwenyewe, nikaanza kidato cha kwanza.

Shangazi alikodi shamba la viazi. Kila mavuno alikuja Kamau, wakala wa malori, aliyetaka kila gunia lishonewe lumbesa, ile nundu ya viazi inayopanda juu ya mdomo wa gunia na kushikiliwa kwa kamba. Walizozana hadi majirani wakaegemea ua kusikiliza.

"Mathe, hili bado. Liongeze shingo."

"Shingo ya nini? Mimi nauza viazi, siuzi twiga!"

"Huyu mama ataniua mapema."

"Kufa tu, lakini pakia kwanza."

Shuleni, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba hadithi ya mapenzi haianzi na watu wanaopendana. Huanza na wawili wanaotaka vitu visivyopatana, na kila mmoja ana haki yake. Papo hapo nilijua nitaandika nini. Katika daftari langu, mjane na wakala waligombana kurasa sita, kisha siku moja wakala akashona magunia ya mjane bapa, bila lumbesa, bila kusema neno. Mtu yeyote wa Molo angeelewa; hakuna wakala aliyefanya hivyo hata kwa mama yake mzazi. Nilibadilisha majina tu. Twiga nilimwacha palepale.

Daftari lilizunguka darasani. Walipouliza kama ni kweli, ningeweza kusema nimebuni, nao wangerudi kwenye mpira wao. Lakini sikuwahi kusikilizwa vile. Nikasema, "Nimeona kwa macho yangu."

Shangazi alikuwa katika kikundi cha wanawake waliovuniana viazi kwa zamu. Jumamosi ya zamu yake walikuja bila majembe. Mbele alikuwa Wairimu, mke wa Kamau, daftari langu mkononi. Nyuma, kwenye ua, walisimama wanafunzi wenzangu watatu. Shangazi alisoma ukurasa mmoja, akanitazama bila hasira.

"Baba," alisema, akiniita hivyo maana nimerithi jina la babake, "waambie hawa. Ulibuni, sivyo?"

Neno moja lingetosha. Niliwaona wale watatu wakingoja, nikatazama viatu vyangu.

"Mtoto amenyamaza," Wairimu alisema. "Tumesikia."

Tulivuna wawili tu, mvua ikatukuta katikati ya shamba. Kamau hakuja tena, na mawakala wengine wakafuata nyayo zake. Viazi vingi viliozea chini ya turubai. Kanisani watu walisogea, tukabaki peke yetu kwenye benchi refu. Shangazi hakunipiga, wala hakuacha kunisomesha. Afadhali angenipiga.

Tangu niondoke nimehama Longonot, Mau Narok, Nakuru, na miji mingine ambamo sikukaa hata mwaka. Nina miaka arobaini na sita. Vijana wanaosoma hadithi zangu huniuliza kwenye simu wazo la hadithi ya mapenzi hutoka wapi, nami huwaeleza habari za ugomvi vizuri sana, bila kusema nilijifunzia kwa nani. Leo ningelisema lile neno mbele ya kanisa zima. Shangazi amezikwa, na hakuna anayeniuliza.

Asubuhi niliyoondoka, baada ya kidato cha nne, alinisindikiza hadi barabarani. Miaka yote hiyo hakuwa amelitaja daftari.

"Wale watu wako," alisema, "mwishowe walioana?"

"Sikumaliza kuandika, Shangazi."

Aliangalia lori likikaribia.

"Maliza, baba. Jina langu limeshaharibika. Angalau waoane."

Nikapanda. Hata hapo sikumwomba msamaha.