Naibu Wangu Mjapani

Miaka ya tisini ilipoanza nilirudi Kakamega kutoka Japani, nilikokuwa nimesomea uhasibu, nikapata kazi ambayo watu wa kwetu hawakuielewa. Kampuni moja ya Kijapani iliyokopesha wakulima wa miwa matrekta ilifungua ofisi mjini, ikaniweka niongoze idara ya fedha. Chini yangu walikuwa Wajapani wanne, wote wanaume. Mama aliyetuuzia ndizi mlangoni aliniuliza, "Sasa ni wewe unawatuma ama ni wao wanakutuma?" Nikamjibu ni mimi. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Nilikuwa kwetu, lakini nikiingia ofisini mgeni nilikuwa mimi. Tuliongea Kijapani. Waliniita Bucho, neno lao la mkuu wa idara, wala hawakunitaja jina hata siku moja. Mikutano yangu ya kwanza ilikuwa kama matanga. Nikiuliza maoni, wanatazama vikombe vyao. Nikitoa pendekezo, wanaitikia kwa vichwa, kisha halitendeki lolote.

Aliyenifungua macho ni naibu wangu. Alikuwa amenizidi umri, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Jioni moja alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Bucho," akaniambia, "mkutanoni hatuamui. Tunathibitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa. Mwendee kila mtu mezani kwake kwanza. Mmoja mmoja. Polepole."

Nikamfuata. Nilibeba kikombe changu cha chai, nikaketi na huyu leo, na yule kesho, na mkutano ulipofika tulimaliza kabla chai haijapoa. Kazi ikaanza kwenda. Nilimshukuru mtu yule kuliko walimu wangu wote.

Ndipo nikaanza kumpeleka kwetu Iguhu siku za Jumapili. Alijifunza kusalimia kwa Kiluhya, akala obusuma, ugali wetu wa wimbi, kwa mkono, akaungua vidole, akaendelea kula. Mama alipochinja ingokho, yaani kuku, firigisi ilikuwa haki ya baba, wala hakuna aliyewahi kuigusa. Siku moja baba aliisukuma upande wa mgeni. "Huyu anakulanga kama mtoto wetu," akasema. Nilitafsiri. Naibu wangu aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza.

Mwaka wa pili nilitaka tufungue tawi Mumias, karibu na wakulima wenyewe. Nilizunguka na chai yangu kama nilivyofundishwa. Wote wanne walikubali, naibu wangu akiwa wa kwanza. "Ni wazo zuri, Bucho," alisema. "Tafuta nyumba."

Nikaenda Mumias kwa mzee mmoja mwenye maduka karibu na msikiti, aliyekwisha kwenda Makka, watu wakimwita Haji. Nilimwamkia, "Asalaam aleikum," akaniitikia, akaniketisha, mkewe akaleta kahawa na kaimati. Vyumba alivyokuwa navyo vilitumiwa na mpwa wake kushonea nguo. Haji akasema, "Kwa sababu ni wewe, binti yangu, nitamhamisha." Na kweli, baada ya muda mpwa alihamisha cherehani zake hadi barazani.

Kisha wakubwa wakaja kutoka Tokyo. Nilijua nitawaeleza habari za Mumias, nikavaa suti yangu ya kijivu. Kabla sijafungua mdomo, mkubwa wao akashukuru kila mtu kwa kuelewa, akatangaza kwamba ofisi ya Kakamega inafungwa, idara inahamia Kisumu, na naibu wangu ndiye atakayeiongoza. Mimi ningebaki mshauri. Wa nini, hakusema.

Niliwatazama watu wangu mmoja mmoja. Hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikombe kingine kilikuwa kimezunguka meza zote isipokuwa yangu.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Nilimkuta naibu wangu barazani, amesimama bila mwavuli.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya Mumias."

"Na ukaniambia nitafute nyumba?"

"Ningekuambia ukweli, ungepinga. Ungepinga mbele ya wakubwa, ungeaibika. Nilikulinda, Bucho."

"Usiniite hivyo. Jumapili iliyopita ulikula kwetu. Ulicheka na baba yangu."

"Pale nilikuwa nimefurahi," akasema. "Ile ilikuwa kweli."

Nadhani hakudanganya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angekuwa mnafiki mtupu ningemtukana nikapumua. Aliinama, akakaa ameinama muda mrefu. Sikumwinamia. Niliingia ndani, nikachukua mkoba wangu, na ile kazi yao ya ushauri sikuitaka.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Mumias. Ningeweza kumtuma mtu, lakini niliona ni mimi niliyekunywa kahawa ya mzee yule. Nilimweleza yote: wakubwa, Kisumu, naibu. Alinisikiliza huku mpwa wake akishona barazani, ametugeuzia mgongo.

"Wajapani sikuwajua," Haji akasema hatimaye. "Nilikujua wewe."

"Haji, hata mimi nimedanganywa."

"Nimesikia. Lakini mpwa wangu nitamwambia nini? Kwamba binti wa watu alidanganywa?" Akainuka kwenda kuswali. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, na sikuulizwa kama nimekula.

Baadaye nilipata kazi katika chama cha akiba cha walimu, ofisi yenye kelele, ambako watu hupingana mkutanoni mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Nilikupenda kule kupigiwa kelele usoni.

Nyumbani sikueleza. Jumapili kadhaa zilipita, baba akawa anatazama njia. Mwisho akauliza, "Rafiki yetu amepotelea wapi?"

"Amehamishwa Kisumu, baba."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

Baba akasema labda kazi imemzidi, nami nikamwacha aamini hivyo.