Sauti ya Spika Ilipopita Barabarani

Jina la Spika hakupewa na mama yake. Tulimpa sisi majirani, kwa sababu akimwita mtu upande huu wa barabara, upande wa pili walikuwa wanageuka watatu. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Mbuzi akipotea, duka likishusha bei, mtu akifariki, Spika alipanda nyuma ya gari na kipaza sauti akapita mtaa kwa mtaa. Na alikuwa na mtindo wake: hakutangazia umma, alimtangazia mtu. "Shangazi mwenye ndoo, nakuona! Baba watoto, weka gazeti chini, sogea!" Ukiitwa hivyo utakataaje? Mimi ni kinyozi, mlango wangu unatazama barabara, na nimewahi kumwacha mteja na nusu kichwa nikatoka kumsikiliza.

Uchaguzi wa rais una hatua zake, tunazijua kama tunavyojua mafua. Kwanza wanagombana wenyewe ndani ya chama na kuitana wezi. Mmoja akishapita kwenye mchujo, wale waliomwita mwizi wanamkumbatia mbele ya kamera. Halafu ndipo wanatukumbuka sisi. Mgombea wa safari ile alitaka kuhutubia mtaani kwetu, na uwanja pekee wa maana ulikuwa umejaa vibanda. Cha mbele kabisa kilikuwa cha dada yake Spika, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kilikuwa cha mbao na mabati, lakini kilikuwa na dirisha la vioo, na dada alilifuta kila asubuhi kabla hajagusa cherehani.

Mratibu wa kampeni alikuja na maneno ya asali. Vunjeni vibanda tuweke jukwaa, tukishinda tutajenga soko la matofali hapa hapa, kila aliyevunja apate chumba chake. Watu wakamwangalia tu. Mratibu hakuwa mjinga, akamtafuta Spika.

Spika alianzia kwa dada yake.

"Dada, mimi naweza kukudanganya wewe?"

"Wewe huwezi. Hao waliokutuma je?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Kila mtu chumba chake, na mlango wa chuma."

Dada aliufunika mkono wa cherehani kwa kitambaa. "Haya. Nafanya kwa ajili yako, siyo kwa ajili yao."

Kesho yake alibomoa, wa kwanza. Spika naye, akipita na gari, akalitoa neno lililowamaliza wengine wote: "Dada yangu mwenyewe amevunja! Wa tumbo moja! Nyie mnaogopa nini? Vunjeni, tujenge!" Kufikia jioni uwanja ulikuwa mweupe. Na aliamini kila neno, hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mwongo ningemchukia nikapumzika.

Basi mgombea akaja, akatupungia mkono, akaondoka na vumbi lake. Tukapiga kura, tukapaka wino vidoleni na kuoneshana kama watoto. Akashinda. Akaapishwa, tukamtazama kwenye televisheni ya kinyozi, yaani yangu, watu wamejazana hadi nashindwa kusogeza mkasi. Halafu uwanja ukazungushiwa mabati, na kibao kikaandikwa "Eneo la Mradi". Mradi wenyewe ulikuwa magugu. Mratibu akaingia mitini.

Rais hapatikani na mratibu hapatikani, lakini Spika anapatikana, nyumba yake ni ile pale. Watu walimtukana mpaka wakachoka. Dada yake hakumtukana. Alihamishia cherehani kwenye baraza ya duka la misumari, mvua ikija anaihamisha tena, na Spika akimwamkia anaitikia kama anavyomwitikia mteja. Bora angemzaba kibao. Spika alikonda, akaacha kutangaza kabisa, mbuzi wakapotea moja kwa moja.

Siku moja akaenda, akaketi sakafuni mbele ya ile cherehani. Nilikuwepo, nimepeleka suruali.

"Dada, sauti hii haitamwita tena mtu avunje cha kwake. Ikimwita, usiniite tena mdogo wako."

Dada aliendelea kushona hadi mwisho wa pindo. Kisha akamsukumia shati. "Shona vifungo hivyo, mwenyewe anakuja kulichukua."

Tangu hapo wakawa wanakaa wote barazani, yeye anashona vifungo, dada anashona mengine, na kicheko chao nakisikia hadi dukani kwangu.

Kipindi kikaisha, rais akakitaka cha pili. Uwanja ule sasa una mabati, kwa hiyo macho yao yakahamia ng'ambo ya barabara, ambako wachuuzi wapya, watu waliohamia juzijuzi, walikuwa wamejenga vibanda vyao. Mratibu alirudi, mwenye kitambi sasa, akamkuta Spika barazani.

"Sifanyi," Spika akamwambia.

"Sema unataka nini."

"Nataka dirisha la dada yangu."

Mratibu akacheka, akaaga kwa adabu, wala hakubembeleza. Tungekuwa na akili, wepesi ule ungetutisha.

Gari lilipita asubuhi, watu wako kazini. Spika alikuwa barazani, uzi mdomoni, nami nilikuwa mlangoni kwangu. Tukasikia: "Shangazi mwenye ndoo, nakuona!" Wateja wakamgeukia Spika, na mdomo wake umefumbwa. Walikuwa wamemrekodi safari ile, wakaweka akiba. Mgombea ni yule yule, ahadi ni ile ile, hawakuhitaji kubadilisha hata neno.

"Dada yangu mwenyewe amevunja! Wa tumbo moja! Nyie mnaogopa nini?"

Cherehani ikasimama. Sijawahi kumwona mtu akitukanwa vile na asijue ageukie wapi.

Spika alitupa shati akaruka barabarani, akasimama mbele ya gari na mikono juu. "Siyo mimi! Msivunje! Jamani, msivunje kitu!" Koo lilikuwa lile lile, halikuwa limezeeka hata kidogo. Lakini vipaza sauti vilikuwa vinne, navyo viliyameza maneno ukabaki mlio. Ng'ambo watu wakaanza kuchomoza vibandani. Walisikia sauti ya Spika kwenye gari, na Spika mwenyewe huyo hapo, mzima mzima, anapunga mikono. Wakapiga makofi. Mama mmoja muuza nyanya akamkimbilia, uso unameremeta.

"Kaka, kumbe ni wewe kweli! Tuanze kuvunja leo au kesho?"

Alizidi kupaza sauti, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kutoka. Ndipo dada yake akashuka barazani, akamshika mkono kama anayemvusha mtoto.

"Mdogo wangu, nyamaza," akamwambia. "Kila ukisema, ndivyo wanavyozidi kuja."