Ukuta wa Chumba cha Mama

Ukuta wa chumba cha mama ulianza kuota ukungu mwaka ambao masika yalikataa kuisha. Tuliishi Marui, katika nyumba ya miti na udongo ambayo baba aliijenga mwenyewe bondeni ili awe karibu na mpunga wake. Kwanza yalitokea madoa ya kijani nyuma ya kitanda. Yakageuka meusi, yakapanda hadi usawa wa mto wa kulalia. Chumba kikanuka kama muhogo uliovunda.

Mama alikuwa na kifua kibovu tangu usichana wake. Sasa alikohoa mfululizo, na pumzi yake ikapiga filimbi.

Baba alichukua panga akaukwangua ukuta bila kuulowesha, mama akiwa kitandani. Vumbi jeusi likajaa chumbani.

"Nitoeni," mama alisema, sauti haitoki.

Tulimbeba mimi na baba mpaka barazani. Alihangaika kutafuta hewa kama mtu anayezama.

Kesho yake baba alikwenda Kisarawe kwa dresa, mhudumu wa zahanati. Alirudi na maagizo, tukayafuata yote. Mama tulimhamishia chumba cha mbele. Godoro lake la sufi tulilichoma mbali na nyumba. Nilijifunga kanga puani, nikaulowesha ukuta kabla baba hajakwangua, na udongo uliotoka tukaufukia shambani. Baba alitoboa dirisha, akawasha moto wa kukausha chumba, mwisho akapaka chokaa. Mama alipoingia kukiona chumba kilivyo cheupe, alicheka. Sijasahau kicheko kile.

Vuli ilipoanza, weusi ulichungulia chini ya chokaa, mahali pale pale.

Baba alichimba kando ya msingi. Jembe halijazama sana, maji yakajaa shimoni. Akaketi kwenye tope.

"Yanatoka chini," alisema. "Nimejenga juu ya maji."

"Tuhamie kule juu kwenye mikorosho, baba."

"Kwa nguvu zipi, mwanangu? Kaka zako wote wako kwenye mashamba ya mkonge."

Usiku ule na uliofuata tulimsikiliza mama akikohoa, kwa sababu hata chumba cha mbele sasa kilikuwa na unyevu.

Habari zilimfikia mjomba, akaja kutoka Janga.

"Shemeji, namchukua dada yangu," alimwambia baba. "Si ugomvi. Hapa atakufa."

Baba hakubisha. Alimfungia mama mzigo wake, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akalala bila kula.

Nilipokwenda Janga kumwona, pumzi yake ilikuwa imetulia kidogo. Lakini aliketi ukingoni mwa mkeka kama mgeni, na hata maji ya kunywa aliyaomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukuta umekauka?"

"Bado, mama."

Akatazama pembeni. Hakuniuliza tena, siku ile wala safari zilizofuata.

Masika ya pili ukuta ule ulianguka. Baba aliziba pengo kwa makuti, akaendelea kuishi upande uliobaki. Mama hakurudi Marui. Kifua kilimzidi akiwa kwa kaka yake, wakamzika huko huko Janga. Baba na mimi tulifika watu wakiwa wameshanawa udongo wa kaburi.