Maji ya Mlangoni

Mimi baridi siisamehe. Wenzangu theluji ikianguka hutoka kupiga picha, watoto wakateleza na kucheka. Mimi huvuta pazia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ilipotukuta baridi kali ya kwanza. Tulikuwa tukikaa Kilburn, vyumba viwili vya kupanga, na ngazi tatu za mawe kutoka mlangoni hadi njiani. Mwaka uliotangulia tuliona mvua tu, tukadhani ndiyo baridi tuliyotishiwa.

Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi. Baba, aliyekuwa karani wa forodha, alikaa London mwaka mzima bila kazi, akawa mtu wa kutazama ukuta. Kisha akapata ukondakta wa basi la ghorofa. Walimpa miezi mitatu ya majaribio, na kazi yenyewe ilikuwa ya miguu: kupanda na kushuka kutwa, unakata tiketi huku basi linayumba. Alikuwa amebakisha siku tisa. Sote tulizihesabu, hata mama, ambaye hakujua basi lenyewe linakwenda wapi.

Asubuhi ile mafuta ya nazi yaliganda chupani hata mama akashindwa kunipaka nywele. Madirisha yalishika barafu kwa ndani. Shati la baba tulilolisahau kambani uani lilikuwa gumu, mikono imetanda, nikalibeba kwapani kama ubao.

Mama alikuwa na ada yake, nayo ilikuwa ada ya mtaa wetu mzima kule kwetu. Kukipambazuka mlango hufagiwa, kisha humwagiwa maji, ndipo watu watoke. Mlango wenye vumbi ulikuwa aibu ya mwanamke wa ndani. Kule maji yale yalikauka kabla hujarudisha ndoo. Mama alikuwa ameacha nyumba, ndugu na makaburi ya wazazi wake, lakini hili hakuliacha. Alijifunga kanga juu ya koti, akashika ndoo, nami fagio, tukatoka.

Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiayalandi, alikuwa ameinama mlangoni pake anaokota chupa zake za maziwa. Alipotuona alipaza sauti kwa Kiingereza: "Msimwage maji leo, mwanangu. Yataganda, mtu atavunjika. Mwambie mama yako."

Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake, dukani, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, na nilikuwa nimeichoka kazi ile. Tena nilimjua mama. Angejibu, "Mwambie mlango wangu haumhusu," na mimi ningesimama pale katikati, vidole vimekufa ganzi, nikipeleka na kurudisha ugomvi wa watu wazima.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Anakusifu. Anasema mtaa mzima hakuna mlango msafi kama wako."

Mama alitabasamu. Tangu tufike hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa lolote. Alimwinamishia bibi yule kichwa kwa adabu, akamwaga ndoo yote, kisha akanituma nikalete ya pili. Nikaileta.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Yale yalizoleka, mwenye nyumba aliyazoa mchana kwa koleo, vipande vipande. Lakini baba alikuwa ameshatoka, na yunifomu yake na viatu alivyovipiga rangi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mimi nilikuwa ndani nafunga mkoba wa shule. Nilisikia kishindo kimoja, halafu baba akimwita mama kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kusumbua majirani.

Ilivunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na mkongojo, akakuta barua ya kazi imeshamtangulia. Akakaa tena kwenye kiti chake, safari hii karibu na jiko la mafuta ya taa, na hapo ndipo alipomalizia miaka kumi na mmoja aliyobakishiwa. Hakumlaumu mtu. "Ni kudra," alisema. Nilitamani alaumu.

Mama aliacha kuosha mlango. Siku chache baada ya ajali bibi wa Kiayalandi alikuja na keki aliyoifunika kwa kitambaa. Mama hakumkaribisha ndani. Alinivuta nisimame kati yao.

"Mwambie, wewe ndiye mwenyeji wa baridi hii. Uliniona na ndoo. Kwa nini hukunambia?"

Nikageuka, nikasema kwa Kiingereza, "Mama anashukuru kwa keki."

Bibi yule machozi yakamtoka. "Mwambie najilaumu. Niliwaonya, lakini afadhali ningekuja nikamnyang'anya ile ndoo." Alikuwa akinitazama mimi, si mama, na nikaona kwamba ameshaelewa. Lakini angemwambia mama kwa lugha gani?

"Kasemaje?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, nami nikaiona waziwazi. Niliogopa. Nikasema, "Anasema hakufikiria."

Mama alimrudishia keki yake, akafunga mlango. Miaka tisa waliishi ukuta kwa ukuta bila salamu. Bibi yule alipokufa, mama, ambaye hajawahi kukosa msiba wa jirani maishani mwake, alibaki jikoni akichambua mchele hadi gari la maiti lilipoondoka.

Mama naye sasa hayupo. Kila baridi ilipoingia, mpaka ile ya mwisho aliyoiona, alikuwa akimtaja bibi yule. "Roho mbaya," alikuwa akisema. "Kaniona, kaninyamazia." Na mimi, mwanawe, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimfunika blanketi miguuni nikamwitikia, "Ndiyo, mama."