Mbwa Mwenye Kazi Yake

Kawetele unaisikia asubuhi kabla hujaiona. Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa darasa la pili, msimu ule wa mvua ndefu, na nadhani ndivyo ilivyo mpaka leo. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukalala juu ya migomba, ukifungua mlango huoni hata choo cha nyuma ya nyumba, lakini masikio yalipata kila kitu: maji yakidondoka kutoka jani hadi jani, mtu akikohoa njiani, ng'ombe wakigongana zizini. Na juu ya hayo yote, sauti ya Komesha. Komesha alikuwa mbwa wa jirani yetu, Babu Ambokile, na alibweka kana kwamba analipwa kwa hiyo kazi. Alibweka tukiamka, alibweka tukila, alibweka mvua ikinyesha na alibweka ikikatika. Alikuwa akinyamaza kidogo, ukianza kusahau kwamba yupo, anaanza upya. Mpaka leo nikisikia mbwa anabweka kwenye ukungu, nasimama nilipo kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alikuwa mwalimu wa hisabati, amehamishiwa Tukuyu kutoka Singida, na alikuwa amepanga nyumba upande wa juu wa boma la Babu. Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu, maziwa yake hayakutosha, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule nilitumwa na kidumu kwa Mama Lusajo, mke wa mtoto wa Babu, aliyekaa na ng'ombe kule chini. Mumewe alifanya kazi Kiwira na alirudi mara mojamoja. Njia ya kwenda jikoni kwake ilikuwa moja tu kwa miguu ya mtoto: unapita kati ya migomba, unatokeza mbele ya mlango wa Babu, unapita chini ya mparachichi, ndipo unateremka kwa Mama Lusajo. Komesha alifungwa kwenye huo mparachichi.

Sina namna nyingine ya kusema zaidi ya kwamba nilimwogopa yule mbwa kwa mwili wangu wote. Shuleni tulikuwa tunaambiana kwamba ukiumwa na mbwa unachomwa sindano za kitovuni, na kwamba wengine hata baada ya hizo sindano huanza kubweka wenyewe na kuogopa maji. Niliamini kila neno. Jambo baya zaidi lilikuwa ule ukungu, kwa sababu sikuweza kuona kama kamba imefungwa. Nilisimama kwenye mgomba wa mwisho, kidumu nimekikumbatia kifuani, nikisikiliza. Mbwa akiruka, kamba ilikazika na kutoa mlio mfupi kwenye gome la mti. Nikiusikia huo mlio nilikimbia. Siku ambazo sikuusikia nilibaki pale nikilia kimyakimya mpaka miguu ife ganzi, na nikachelewa shule, na nikachapwa, na bado nikaona kuchapwa ni nafuu.

Kitu kimoja kilinifariji: nilijua Mama Lusajo naye anamwogopa. Nilijionea mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya nguvu na kicheko cha karibu, lakini Komesha akianza tu kubweka aliweza kuacha maziwa nusu kwenye chujio, akajifunika khanga kichwani na kupotelea nyuma ya migomba. Nilibaki peke yangu na ng'ombe. Baadaye alirudi akiwa ametulia, akamalizia kumimina na kunishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, umenisubiri." Nikawaza, kama mtu mkubwa kiasi hiki anakimbia, basi mimi sina kosa.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mtoto akisinzia, Komesha alimwamsha. Mama alianza kuongea kwa ukali hata na sufuria. Baba, ambaye ni mpole kupita kiasi, alisahihisha madaftari kichwa kikimuuma, na hatimaye jioni moja akavaa shati safi akaenda kwa Babu. Alinichukua na mimi, nadhani ili Babu aone mtoto mwenyewe anayesumbuka. Nilijificha nyuma ya suruali yake muda wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Ndaga kwa kunitembelea."

Baba alizunguka kwanza, akasifu migomba, akauliza hali ya mifugo, ndipo akafika kwa mbwa. Akaomba ahamishiwe zizini, au afungiwe ndani, au apelekwe kwa mtu wa mbali. Babu Ambokile alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na alipenda kumtazama mtu pembeni kidogo ya alipo.

"Mwalimu," akasema, "huyu mbwa ana kazi yake."

"Kazi gani, mzee? Wezi hapa hakuna."

"Sikusema wezi."

Baba akangoja. Babu akaanza kuuliza habari za Singida. Tuliporudi, Baba alimwambia Mama kwamba mzee amemdharau waziwazi, na siku iliyofuata akapeleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji. Jibu lilikuja haraka: wiki inayofuata bwana mifugo angepita na bunduki kwa ajili ya mbwa wasumbufu wa kitongoji kizima, na Komesha angekuwa wa kwanza. Nilifurahi. Nilihesabu kulala na kuamka kama watoto wanavyohesabu sikukuu.

Siku moja kabla ya bwana mifugo, kulikuwa na msiba Mpuguso. Kwa Wanyakyusa msiba si jambo la kutuma salamu. Watu walihama, kijiji kikabaki kitupu. Baba alienda na walimu wenzake, Mama akamfunga mtoto mgongoni akaenda na majirani, nami nikaachwa nilinde nyumba kwa sababu nilikuwa na mafua. Mama Lusajo hakwenda, ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Mvua ilipiga tangu asubuhi. Mchana ilipokatika nilichukua kidumu nikaenda kufuata maziwa ya jioni mapema, wakati kuna mwanga.

Nilipofika kwenye mgomba wa mwisho nilisikia kwamba mambo hayako sawa. Komesha alikuwa anabweka bila kupumzika, sauti imepasuka, na haikutoka kwenye mparachichi. Ilitoka chini, kwenye mfereji mkubwa uliopeleka maji ya mvua bondeni. Nikatazama mti. Kamba ilikuwa imekatika. Niligeuka nikimbie.

Ndipo nikasikia mtu akilia. Mama Lusajo alikuwa amesimama katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka kwangu, khanga imemfunika uso wote, mgongo ameuelekeza kwenye mfereji.

"Gwe mwanangu! Kyala, Mungu mwenyewe, amekuleta. Mzee ameanguka mferejini. Maji yanaongezeka. Nenda ukamwinue kichwa."

"Nenda wewe! Mbwa amefunguka!"

"Siwezi. Ni baba wa mume wangu. Sipaswi kumwona, sipaswi kumgusa. Nimepiga kelele, hakuna mtu. Nenda, mwanangu, atakufa."

Siku hiyo ndipo niliposikia jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua bila kufundishwa: mke hasogeleani na baba mkwe wake. Hakanyagi njia moja naye, hatamki jina lake, hamtazami usoni. Wengi walikuwa wameanza kulegeza. Mama Lusajo alikuwa ameapa mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa anakata roho kwamba hatalegeza.

Nilitembea. Sikumbuki kuamua. Babu alikuwa amelala ubavu ndani ya mfereji, mguu umekunjika vibaya, maji ya udongo mwekundu yakimfika shavuni. Komesha alisimama juu yake, manyoya ya shingo yamesimama, kipande cha kamba kikining'inia. Aliponiona aligeuza meno upande wangu.

"Usikimbie," sauti ya Mama Lusajo ilitoka kwenye migomba. "Mwite jina. Mwite polepole."

Nikamwita. Nikamwita tena. Nililia, na kusema kweli nilijikojolea, nikateremka kwenye ule mfereji huku mbwa akinihemea shingoni. Nilisubiri meno. Nilishika kichwa cha Babu nikakiinua juu ya maji. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani kichwa kinaweza kuwa.

"Nimemshika! Lakini siwezi kumtoa!"

Kisha khanga ikarushwa, ikaanguka ukingoni. Mama Lusajo alikuwa amekuja mpaka pale kinyumenyume, uso umefunikwa na khanga nyingine, akipapasa ardhi kwa visigino.

"Ipitishe kwapani mwake. Funga mafundo mawili. Nipe ncha."

Fundo la kwanza likafunguka. Komesha alikuwa ameacha kubweka, akawa analia kwa sauti nyembamba, na hilo liliniogopesha zaidi. Nikafunga tena. Nikampa ncha kwenye kiganja alichokinyoosha nyuma. Babu, aliyekuwa amefumba macho muda wote, aliyafumba kwa nguvu zaidi. Mama Lusajo akaipitisha ile khanga begani, akainama, akavuta kama mtu avutaye gogo, bila kugeuka. Mimi nilisukuma mabega. Mbwa alishika mkono wa koti la mzee kwa meno, naye akavuta. Sisi watatu tulimtoa.

Babu alilala kwenye nyasi akitapika maji. Alipopata pumzi alinipapasa kichwani.

"Mwambie nimeshukuru," akasema.

Mama Lusajo alikuwa amesimama hapohapo karibu, mgongo kwetu, akihema. "Amesikia, Babu," nikajibu.

"Mwambie wewe."

Basi nikazunguka mbele ya Mama Lusajo, nikamwambia kwamba Babu ameshukuru. Chini ya khanga alitikisa kichwa. "Mwambie ni wajibu," akasema, nami nikarudi nikamwambia Babu. Kisha nikatumwa barabarani kutafuta mwanaume wa kumbeba, nikiwa na udongo mpaka kwenye nywele.

Jioni Baba alisimuliwa habari zote, pamoja na lile ambalo Babu aliona aibu kumweleza mgeni. Komesha alibweka kila mzee alipotoka nje ya mlango, kwa sababu alitaka kumfuata. Kwa sauti hiyo Mama Lusajo alijua aende wapi na asiende wapi. Mzee asiyeona vizuri hakuweza tena kumkwepa yeye, kwa hiyo mbwa aliwakwepesha wote wawili. Asubuhi Baba alimwahi mtendaji kabla ya chai, na bwana mifugo alipopita hakusimama kwa Babu. Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo mimi na Komesha tukawa marafiki. Hapana. Niliendelea kumwogopa mpaka tulipohama, nikasimama kwenye mgomba uleule nikisikiliza kamba. Tofauti ni kwamba nilipomsikia nilijua Babu ametoka salama.

Mwaka jana nilipita Kawetele. Babu alishafariki, Komesha pia, na Lusajo ana watoto wake. Mama Lusajo alinisindikiza hadi barabarani, na tulipofika kwenye mparachichi alisimama ghafla. Nikamuuliza ana nini. "Nasikiliza kwanza," akasema, akacheka, tukapita.

Mimi sasa naishi Mbeya mjini, nyuma ya ukuta. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mbwa ambaye sijawahi kumwona. Juzi alibweka tangu asubuhi hadi alasiri bila kunyamaza. Kwenye kundi letu la simu la mtaa watu waliandika apigwe sumu, mwenye mbwa ashitakiwe, na hakuna aliyemtaja mwenye mbwa kwa jina, kwa sababu hakuna anayelijua. Nikasoma mpaka nikachoka. Kisha nikavaa kandambili nikaenda kugonga lile geti. Mbwa alijirusha kwenye bati upande wa pili, nami nikarudi nyuma, jasho likinitoka kama yule mtoto wa darasa la pili. Nikagonga tena. Baada ya muda sauti ya mtu mzee, dhaifu, ikauliza kutoka mbali huko ndani:

"Nani?"

"Jirani," nikajibu.

Mbwa alinyamaza.

"Jirani yupi?" ikauliza ile sauti, na nikagundua kwamba hata nikitaja jina langu halitamsaidia kitu.