Vile tulifuata kunguru tukapata mahindi ya sumu, Rongai

Sasa wakuu.

Mimi ni nyanya, wajukuu wamejaa nyumba na wote wamesoma kuliko mimi. Lakini simu ni yangu na vidole ni vyangu, hakuna mtu ameniongezea chumvi. Hii kitu ilitupata.

Ni miaka ya hamsini, Rongai ya Nakuru, shamba ya mzungu. Baba alikuwa dereva wa trekta, mama kibarua. Tulitoka Western na hatukuwa na shamba ya kurudi.

Wakati wa kupanda, kunguru walikuwa wanashuka kufukua mbegu. Wale weusi wenye kifua nyeupe, wanatembea kama karani. Mzungu aliwachukia. Sisi tuliwapenda.

Kunguru anafukua nyingi anakula kidogo. Kwa hivyo akina mama walikuwa wanaangalia pale wameshuka, wanaenda kuokota zenye zimebaki juu. Ilikuwa marufuku kabisa. Ukishikwa, family yote inatolewa shambani.

Siku moja walishuka wengi kando ya mtaro. Mama akaokota, akafunga kwa leso, akateleka na maharagwe. Mahindi safi, inang'aa. Hakuna mtu alijiuliza mbona haina udongo.

Mimi nikatumwa maji. Kupita pale mtaro, naona kunguru anazunguka chini kama mlevi, mabawa imekakamaa. Wengine wamelala tu, miguu juu.

Nyapara alikuwa anawatia kwa gunia. Akaniambia nikae mbali, bwana ameweka dawa kwa mahindi akaimwaga hapo.

Debe niliacha hapo hapo.

Nilifika nyumbani mbio. Sufuria iko kwa moto, mama hajapakua. Nikashukuru Mungu.

Halafu nikaona ndugu yangu mdogo, Wafula, kwa mlango. Anatafuna. Alikuwa amejichotea kabla iive.

Jirani yetu akasikia vile nalia mahindi iko na sumu, akaingia. Akamwambia mama pole pole, "Mpe maziwa ufunge mlango. Ukisema mmeokota, kesho mnalala barabarani."

Mama alimwangalia Wafula. Miguu yake ilikuwa imeanza kurukaruka yenyewe. Akambeba, akaenda moja kwa moja nyumba kubwa, mimi nyuma yake, macho yangu kwa hiyo miguu.

Memsahib, bibi ya mzungu, akatoka.

"Nimeokota mahindi ya kunguru," mama akasema. "Mtoto amekula."

"Kula ngapi?"

"Sijui. Peleka hospitali kwanza, utafukuza baadaye."

Wakaingia gari mpaka Nakuru. Mimi nilibaki na baba, hakuna kulala. Kila gari ikinguruma barabarani tunafikiri ni maiti inaletwa.

Wafula alipona. Na walitufukuza kweli, hata kabla atoke wodi. Mama alikuja kumchukua hospitali na godoro kwa kichwa. Ndio maana mimi ni mtu wa Kaptembwo, hapa Nakuru mjini.

Wakuu, mtoto akimeza kitu, sema ni nini na umetoa wapi, hata kama umeiba. Nyumba tulipata ingine.

Wale mlilelewa kwa mashamba ya wazungu, na nyinyi mlikuwa mnafuata kunguru? Andikeni hapo chini, nasoma pole pole lakini namaliza.

Na yule atasema mama yangu alikuwa mwizi, aje Kaptembwo aniambie kwa uso. Wafula pia atakuwa hapo, ni mzee wa kanisa na ana mkongojo.